Uzi Wangu wa Waridi Katika Shamba la Habiba

Tangu nirudi, hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza habari za njia. Mnachotaka kujua, kila mtu kwa ujanja wake, ni kama nilimwona. Zuhura aliniuliza huku nampima kiuno, Mama Salama akauliza kwa kuulizia bei ya mchele wa Garsen. Basi nilimwona. Ni mzuri, tena mzuri wa kweli. Hilo nimeshalisema, sasa kaeni kitako niwape safari yote tangu mwanzo. Nikiisema kipande kipande mtaitia chumvi.

Kwa yule asiyejua vizuri, mume wangu Athmani ni mtafiti wa mimea. Huhesabu kromosomu, yaani vile vijinyuzi vilivyo ndani ya kila chembe hai na vinavyobeba urithi. Kila mwaka, mpunga unapochanua, hupanda basi hadi delta ya Tana kuutafuta mpunga mwitu, na kila mwaka hurudi na sifa za mwenyeji wake wa Kulesa, mjane mmoja anayeitwa Habiba. Wali wa Habiba. Kambare wa Habiba. Habiba amesema hivi, Habiba amecheka vile. Mimi na Athmani tumeoana miaka mingi na hatuna mtoto, na mama mkwe amekwisha kusema mbele yangu, huku ananywa chai yangu, kwamba mwanawe ana haki ya kujaribu kwingine. Mwaka huu nilifunika cherehani nikamwambia Athmani tunakwenda wote. Sikwenda kutalii. Nilikwenda kwa wivu, nikajue kama ninaletewa mke mwenza.

Mombasa hadi Malindi

Nilikaa dirishani, Athmani kando yangu, na mapajani mwake akapakata mfuko wa chupa. Aliupakata kwa upole ambao mimi sijaupata tangu fungate. Ndani ya chupa mlikuwa na spiriti iliyochanganywa na asidi ya siki. Ukikata ncha ya mzizi ukaitumbukiza humo, chembe zake husimama pale pale zilipokuwa, hata ukifika nyumbani unaziona zilivyokuwa zikijigawa. Lazima uikate asubuhi, jua likiwa bado chini, wakati mzizi unapokua kwa nguvu. Ukichelewa umekosa.

Tulipovuka Mtwapa basi likaingia shimoni, kifuniko kimoja kikalegea, na harufu ya spiriti ikatapakaa basi zima. Mzee mmoja mwenye kofia nyuma yetu akauliza kwa sauti ni nani anayelewa asubuhi yote hii. Kondakta akaja ananusa kiti kwa kiti. Athmani akaanza kumweleza mambo ya chembe na ncha, na kadiri alivyoeleza ndivyo kondakta alivyozidi kumtazama mdomoni. Nikaona tutashushwa njiani. Nikasema, "Ni dawa ya mizizi."

Kweli hatukushushwa. Ila sasa basi zima lilijua kwamba limembeba mganga. Kabla ya Kilifi mama mmoja alishamwonyesha goti lake, na yule mzee wa kofia, aliyekuwa amekasirika, akainama akamnong'oneza jambo la kiume ambalo sikulisikia. Athmani hajui kusema uongo. Alimjibu kila mtu kwamba yeye hatibu watu, anahesabu tu. Wakadhani anataka kubembelezwa, wakaongeza heshima. Nami nilifurahi, nisiwafiche. Nilimwacha atokwe jasho.

Malindi hadi Minjila

Malindi tulikula mbaazi na mahamri, basi likakaa sana kwa sababu ya tairi, na Athmani akapata nafasi ya kunieleza anachokwenda kukitafuta. Nilimsikiliza kwa sikio la mke, si la mwanafunzi.

Akasema huko delta mpunga mwitu una ndugu kadhaa. Mmoja una kromosomu ishirini na nne kama mpunga wetu wa kula. Huo unatambaa kwa mashina ya chini ya ardhi, na ukichanua haukubali chavua yake wenyewe, lazima upate ya jirani. Nikamwuliza, "Haukubali cha nyumbani?" Akasema ndiyo, kwa furaha, hakuona mtego. Ndugu wa pili nao una ishirini na nne, lakini unajitosheleza: unajichavusha, unamwaga mbegu, unakufa msimu huo huo. Nikasema huo nimeupenda. Wa tatu una arobaini na nane, yaani seti nne za kumi na mbili, na huishi mwaka hadi mwaka.

Sasa katika shamba la Habiba, na kusikia jina hilo nikageukia dirisha, kuna kiraka kimoja anachodhani ni mtoto wa yule wa kwanza na yule wa tatu. Umechukua nusu huku na nusu huku, kwa hiyo una thelathini na sita. Seti tatu haziwezi kugawanyika sawa, basi unachanua vizuri sana na hautoi mbegu hata moja. Masuke yote ni mapepe. Lakini unaishi, unatambaa chini kwa chini, kila mwaka umesogea. Ni dhana yake tu, kwa kuwa safari zilizopita sampuli ziliharibika, mara kwa joto, mara kwa chupa kuvuja. Bila kuzihesabu hana la kusema mbele ya wenzake, na hajapata kiraka kingine kama hicho popote.

"Na binadamu?" nikauliza.

"Arobaini na sita," akasema, kisha akaanza kukaza vifuniko vilivyokwisha kazwa.

Alipanda mama wa Kiorma, mtungi wa maziwa mkononi, akakaa upande wa pili wa njia. Karibu na Minjila tulisimama kupisha ng'ombe, kundi halikwisha, akanimiminia maziwa kwenye kifuniko. Yalikuwa na harufu ya moshi, mazito, matamu. Nikanywa nikashukuru. Akaniuliza, "Wewe watoto ngapi?"

"Bado, mama."

Akamtazama Athmani na mfuko wake, akanirudia mimi. "Bwana yako mganga, na wewe huna?"

Watu wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Mimi nilirudisha kifuniko. Athmani alikuwa anatazama ng'ombe.

Garsen

Garsen jua linakupiga utosini ukiwa kivulini. Tuliingia hotelini tukaagiza chai na chapati, tukimsubiri kijana wa bodaboda ambaye Athmani humtumia kila mwaka. Alikuja amechelewa sana, hana habari, akamkumbatia mume wangu.

"Mwalimu, umerudi! Habiba amekuwa akiuliza utakuja lini." Kisha akaniona. "Na huyu ni nani?"

"Mke wangu," Athmani akasema.

"Ah. Madam. Karibu sana." Akaanza kufunga mizigo haraka haraka, hakunitazama tena machoni. Nyinyi mnajua mtu anapofunga mizigo namna ile. Nilipanda nyuma yake nikiwa nimejaa hasira hadi shingoni, na vumbi la njia nzima nililimeza bila kukohoa.

Kuvuka mto

Mtumbwi ulitungoja mtoni. Maji yalikuwa mekundu na ya chini, mvushaji akatupeleka kwa upondo, na upande wa pili alisimama mwanamke mmoja ameshika leso kiunoni.

Nimesema ni mzuri. Mrefu, shingo ndefu, meno meupe, na umri wake, jamani, ni wangu. Asili yake ni Ndera, juu ya mto, akaolewa Kulesa, mume akafariki akamwachia shamba na watoto wawili. Alimpungia Athmani mkono akiwa bado mbali, anacheka. Aliponiona mimi kicheko kikakatika. Akanitazama viatu, akanitazama baibui, akageuka kutazama njia ya kwenda shambani kwake, kisha ndipo akanipa mkono. Nikajisemea, huyu ana lake.

Alitupikia wali wa mpunga wa shamba na kambare wa kukaushwa, ndani ya tui. Nilikusudia kuonja tu. Nilikula sahani mbili kwa hasira. Ule wali ni mzuri kuliko wangu, na nikisema hivyo roho inaniuma mpaka sasa.

Alasiri tukaenda kuona shamba. Mpunga wake ulikuwa umefika magotini, na katikati, karibu na tuta, kiraka cha nyasi ndefu zinazofanana na mpunga, masuke membamba yakitikisika. Kukizunguka kiraka kile vilichomekwa vijiti, na kwenye kila kijiti kimefungwa uzi wa waridi. Mimi ni fundi, uzi wangu naujua. Ni ule ule wa gauni la harusi ya Zuhura, ule uliopotea nikamsingizia paka kwa kukosa wa kumsingizia.

Nilisimama ukingoni mikono kiunoni. Uzi wangu, shambani kwa mwanamke mwingine, umefungwa vifundo vizuri. Nafikiri uso wangu ulikunjamana kama nguo iliyolaliwa. Habiba alikuwa ananitazama. Aliondoka mapema akasema anakwenda kwa dada zake.

Asubuhi shambani

Tulitoka na chupa jua likiwa linachomoza, Athmani mbele, wembe mfukoni, anatembea kama mtu anayekwenda kuposa. Tulipofika kwenye tuta alisimama ghafla nikamgonga mgongoni.

Shamba lilikuwa safi. Habiba na wanawake wanne, waliokesha wakipalilia, walikuwa wanaosha miguu mferejini, wamechoka na wamefurahi. Hapakuwa na gugu hata moja. Vijiti vilikuwa vimelazwa pamoja kwa adabu pembeni, na nyuzi zangu bado juu yake. Kiraka hakipo.

"Iko wapi nyasi?" Athmani akauliza. Sauti ilikuwa ndogo.

Habiba akanyoosha mkono. Wachungaji walikuwa wameleta ng'ombe mtoni, na ng'ombe walikuwa wanamalizia lile rundo, taratibu, masikio yakipiga nzi. Athmani alikimbia. Aliporudi alikuwa ameshika mabua mawili yaliyotafunwa, bila mizizi. Akakaa kwenye matope na suruali yake nzuri.

Habiba alielewa kwa kumtazama. Akafunika mdomo kwa leso. "Mwalimu, mimi nilijua ni kazi yako, mwaka wote sikuigusa," akasema. "Lakini umeleta mke. Wewe ni mwanamume, ukija hutazami magugu. Huyu mgeni wa kwanza, alisimama pale akakunja uso. Nimwache aende Mombasa aseme Habiba analima nyasi?"

Kwao, nilikuja kuambiwa, mwanamke mgeni akifika nyumbani shamba husafishwa kama ua unavyofagiwa, na dada wote huitwa, na hakuna anayemwuliza mgeni ruhusa. Mimi ndiye niliyekuwa mgeni. Mimi ndiye niliyekunja uso. Athmani hakunilaumu, alinitazama tu, na pale kwenye matope alikuwa na sura ambayo sijaiona hata siku tuliyomzika baba yake. Wivu wangu ukapata pa kukaa zaidi. Nilijiuliza, kama ningeng'olewa mimi, angekaa hivyo?

Mto unakuja juu

Tungeondoka siku ile ile, lakini mto ulikuja juu. Kulesa hakukunyesha tone, maji yalitoka bara huko, yakaja na magogo na povu, na mvushaji akaufunga mtumbwi kwenye mti akaenda zake kulala. Tukakwama. Athmani akawa anashinda tutani peke yake, na mimi nikabaki jikoni na Habiba.

Ni mtu wa kazi, hilo sikatai. Alinifundisha kumchuna kambare bila kuchomwa na miiba, akacheka nilipochomwa. Nilitaka kumchukia nikashindwa kupata pa kushika. Siku moja asubuhi tukiwa tunapepeta mpunga, uvumilivu ukaniishia.

"Habiba, niambie kweli. Mume wangu anataka kukuoa?"

Ungo ukasimama. Hakukasirika. "Kaka yangu ndiye alitaka," akasema. "Mwaka juzi. Alimwambia Mwalimu, wewe huna mtoto, dada yangu ni mjane, anazaa. Mimi nilikuwepo. Mwalimu akakataa."

"Alikataa kwa kusema nini?"

Akanitazama kwa mshangao, halafu kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyonimaliza. "Wewe hujui? Alisema, mke wangu hana kosa. Nimepimwa. Tatizo ni langu."

Wenzangu, nyinyi mmeniletea mizizi, vikombe vya dawa, maji ya kusomewa. Mama Salama alinipeleka mpaka Mariakani kwa yule bibi mganga. Miaka yote hiyo nimekunywa machungu kwa ajili ya tumbo ambalo halikuwa na hatia. Na mwenye habari alikuwa anajua, akazitoa habari hizo kando ya mto, mbele ya kaka na dada wa watu, mwaka juzi. Uzuri wa Habiba haukuniuma tena, wala wali wake. Nilimwonea wivu lile neno. Neno lililokuwa langu, yeye alikuwa nalo misimu miwili, analala nalo.

Nilitoka na ungo mkononi. Nilikwenda tutani kupigana.

Athmani alikuwa amepiga magoti mahali pale palipokuwa na kiraka. "Rukia, njoo uone," akasema kabla sijafungua mdomo. Kwenye matope, kila mahali, vilikuwa vimechomoza vichipukizi vyeupe kama meno ya mtoto. Wanawake walikuwa wameng'oa magugu yote, lakini huo mpunga mwitu wake ulikuwa umekatikia chini, mashina yakabaki ardhini, na sasa yalikuwa yanarudi na mizizi mipya. "Mizizi bora kuliko ile ya zamani," akasema. "Ungekuwa wa mbegu ungekwisha. Chupa, tafadhali, jua linapanda."

Nilichukua chupa. Sijui kwa nini nilichukua. Alikuwa anafukua kwa kidole, anaosha, anakata kwa wembe, mimi nafungua kifuniko.

"Habiba ameniambia," nikasema.

Wembe ukasimama hewani. Maji yalikuwa yanatiririka kwenye mkono wake.

"Nilikuwa natafuta siku," akasema.

"Siku ya kumwambia kaka yake uliipata."

"Yule sikuogopa atakavyonitazama," akasema.

Nilikuwa na maneno mengi, niliyapanga tangu Mombasa. Nikamwambia, "Kata. Jua linapanda." Akakata, nami nikamshikia kiganja.

Kurudi

Njia ya kurudi haina masimulizi. Maji yaliposhuka Habiba alitufungia mchele na kambare wawili, akanikumbatia mimi kwanza. Nikamwachia kibonge cha uzi wangu wa waridi, ambacho Athmani alikuwa nacho mfukoni. Mfuko wa chupa niliupakata mwenyewe hadi Mombasa, na abiria mmoja alipouliza harufu ni ya nini, Athmani akajibu, "Ni dawa ya mizizi." Kicheko kilinitoka bila kutaka, kisha nikakumbuka nimekasirika.

Alipofika nyumbani alikwenda kwa mama yake kabla hata ya kuoga. Sikuwepo, sijui walisemaje. Mama mkwe alikuja siku ya pili, akafagia jiko langu lote kimya kimya, akaondoka.

Halafu Athmani akaniita kazini kwake. Amezipaka rangi zile ncha, akazigandamiza chini ya kioo, akaniwekea kiti mbele ya hadubini. Mwanzo niliona ukungu. Akazungusha, vikaja: vipande vya uzi wa zambarau, vifupi, vimetawanyika kama vinavyobaki chini ya cherehani yangu jioni. Jicho langu limezoea vitu vidogo. Nilivihesabu mara mbili. Thelathini na sita.

Hakuruka, hakupiga kelele. Aliweka mkono mezani karibu na wangu.

Sikuinua jicho. Nilikumbuka alivyokaza vifuniko nilipomwuliza za binadamu. Nikamwuliza, "Na wewe? Zako ngapi?"

Nilimsikia akivuta pumzi. Kisha akanitajia, polepole. Akaniambia zilihesabiwa wapi, na namna alivyorudi siku ile akanikuta nashona na akashindwa kuniambia.

"Habiba anajua idadi?"

"Hapana. Anajua tatizo ni langu tu. Idadi sijamtajia mtu."

Haya yote Athmani ameyasoma kabla yenu, akasema nitume, mwache kuniletea mizizi. Kwa hiyo mnajua sasa anachokijua Habiba, mko naye sawasawa. Ile idadi msije kuniuliza, hata Zuhura ukija na kitambaa kipya. Hiyo ni yangu.